Mikono Miwili ya Kushoto

Saa 10:30 alfajiri. Naamka kabla ya adhana, na si kwa uchamungu tu. Ndiyo saa pekee ambayo mwanangu mdogo wa miaka 2 hajaanza kunipapasa kitandani kuhakikisha nipo. Baba watoto yuko baharini tangu jana jioni. Nakaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, meno yake nimeyaelekeza ukutani, daftari mapajani.

Naandika hadithi ya watoto kuhusu bibi mchimba ming'oko. Kwa asiyetoka huku kwetu kusini: ming'oko ni mizizi ya porini, inachimbwa kiangazi, inachemshwa na kuliwa kwa chumvi, pilipili na ndimu. Wazee wanaikumbuka kama chakula cha njaa. Sisi tunainunua Mtwara mjini kwa raha zetu. Sasa bibi yangu huyu ana wiki 2 shimoni. Muo wake, kijiti cha kuchimbia, umegonga kitu kigumu, nami nimeshindwa kuamua ni kitu gani.

Sentensi 4. Ya 5 imekatwa na "Mama, mkojo!"

Saa 12. Uji, sare, soksi. Kiatu kimoja cha mkubwa kimeonekana ndani ya ndoo. Usiniulize.

Saa 3 niko barazani na cherehani. Hapa Mikindani msimu huu ni wa kutoa wali (wasichana wa unyago), na kila mama wa mwali anataka kung'aa kuliko mwali mwenyewe. Gauni la leo ni la satini ya zambarau, linatakiwa kesho asubuhi. Mdogo anacheza chini na vifungo (vikubwa tu, vidogo alishawahi kumeza kimoja). Nikiwa napita kiunoni, sindano ikagonga pini niliyoisahau. Tak! Ikakatika.

Mlio ule ukaniganda sikioni. Jiwe halilii vile. Bibi hakugonga jiwe, amegonga jembe la mtu aliyechimba palepale mwaka wa njaa, kabla yeye hajazaliwa! Daftari liko ndani, na nikinyanyuka mdogo ataamua tunaondoka wote. Nikachukua chaki nikaandika upande wa ndani wa kitambaa: SI JIWE. NI CHUMA. Kisha nikaendelea kukata mikono, akili ikiwa shimoni na bibi.

Saa 5 mwenye gauni akapita kuchungulia kazi. Akageuza kipande kimoja cha mkono, akasoma, akakirudisha mezani taratibu kama mtu aliyeshika nyoka.

"Fundi, hii ni dawa?"

"Hapana dada, ni hadithi."

"Hadithi. Kwenye mkono wangu."

Nikamwapia kwamba chaki inafutika. Aliondoka akigeuka mara 2. Alipopotea kwenye kona ndipo na mimi nikaitazama ile mikono vizuri: yote miwili ni ya kushoto. Ingekuwa kitenge ningegeuza tu, pande zote sawa. Satini ina uso mmoja.

Saa 7 baba watoto amerudi na vibua wachache. Kusi limekaza, wenzake wengine hata hawakutoka. Wali, mchuzi wa nazi, amelala kabla ya kunawa vizuri. Mama mkwe amekuja kuchukua fungu lake, akaliona daftari.

"Barua hizi unamwandikia nani, mwanangu?"

Nikamweleza tena kuhusu Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, kwamba ina kipengele cha hadithi za watoto. Akasikiliza mpaka mwisho. "Basi andika," akasema, "ila nguo za watoto zinanyeshewa na vumbi kambani." Huyu ndiye mhariri wangu. Kwa kweli hajawahi kunikataza, anachofanya ni kupanga foleni tu, na hadithi kila siku inakuwa ya mwisho.

Mchana: nguo, maji, homuweki ya herufi, ugomvi wa penseli.

Saa 3 usiku wamelala. Huu ungekuwa muda wangu, lakini kuna mkono wa kulia haupo duniani. Nimepanga mabaki ya satini sakafuni, yanatosha nikiunga kwa chini ambapo hapaonekani. Nafumua mshono wa kwanza kwa wembe, simu nimeiweka juu ya cherehani inarekodi, nami naongea polepole: bibi anapiga magoti, anafukua kwa vidole, anagusa kutu. Kesho alfajiri nitanukuu. Rekodi zangu zote zina kikohozi cha mtoto ndani yake.

Baba watoto ametokea mlangoni anajiandaa kurudi majini.

"Unaongea na nani?"

"Na bibi."

Akafikiri kidogo. "Ametoka shimoni?"

"Bado."

Akachuchumaa, akanishikia mkono wa gauni ukakaza, nikaendelea kufumua.