Wati 5 Zinatosha, Ukijua Desibeli Zinavujia Wapi

Mwanaredio wa ridhaa aliyezoea kurusha kwa wati 100 hudhani akishuka hadi wati 5 hatasikika tena, kwa kuwa amebaki na sehemu moja ya ishirini ya nguvu. Redio ya upande wa pili haihesabu hivyo. Kutoka 100 hadi 5 ni desibeli 13 (desibeli hupima uwiano wa nguvu: kushuka 3 ni nusu, kushuka 10 ni sehemu moja ya kumi), na alama moja ya S, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokewa, kwa kiwango kilichopendekezwa na IARU (umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa) Kanda ya 1, ni desibeli 6. Aliyekuwa akikupokea S9 sasa atakupokea S7 au chini yake kidogo. Shuka hadi wati 1, zinaondoka desibeli 7 nyingine. Kama kelele za bendi kwake ziko S3, bado mnazungumza. Zikiwa S7, umezama, na hata wati 100 zingemchosha masikio.

Mita ya S yenyewe usiiamini sana. Kikanuni, chini ya MHz 30, S9 ni mikrovolti 50 kwenye omu 50, yaani −73 dBm (desibeli kulinganisha na miliwati 1). Juu ya hapo ni mikrovolti 5, au −93 dBm. Lakini mita za redio nyingi huendeshwa na volti ya AGC (saketi inayojirekebishia ukuzaji wa redio), na huku chini ya S9 alama moja mara nyingi ni kama desibeli 3 tu. Ukiwasha priampu (kikuza mawimbi cha mwanzo) mshale unaruka, ila kelele nazo zimeruka pamoja na mawimbi, kwa hiyo hujapata kitu. Ukitaka kulinganisha antena mbili kwa haki, ingiza kipunguzi cha desibeli 10 unachokijua kati ya antena na redio, uone mshale unashuka alama ngapi. Hiyo ndiyo rula yako.

Uvujaji mkubwa uko kwenye kebo. Mita 30 za RG-58 kwenye MHz 28 hula takriban desibeli 2.5, hivyo wati 5 zinafika kwenye antena zikiwa chini ya 3. RG-213 ya urefu uleule hula takriban desibeli 1. Ubaya ni kwamba kebo mbovu huipamba SWR (uwiano unaoonyesha nguvu inayorudishwa; 1 ina maana hakuna inayorudi): mawimbi yanayorudi hupungua njiani, na mita iliyo karibu na redio inaonyesha namba nzuri. Kuikagua, chomoa antena kule juu, acha ncha ya kebo wazi, kisha pima SWR huku chini kwa kichanganuzi cha antena (si kwa redio yenyewe, utaunguza transista za mwisho). Kebo isiyopoteza kitu ingetoa namba kubwa mno. Ukisoma 9, kebo inapoteza desibeli 1, ukisoma 4.4, inapoteza 2. Ukisoma 3, nusu ya nguvu yako inapasha moto plastiki. Mara nyingi chanzo ni maji yaliyoingia kwenye kiunganishi cha juu, na kebo ya namna hiyo haikaushiki. Itupe.

Halafu kuna nguvu inayotoka kwenye redio. Mita za wati zilizotengenezwa kwa wati 100 au zaidi hubahatisha zikifika kwenye 5, kwa hiyo tengeneza yako. Unganisha sambamba rezista nne za omu 200, kila moja wati 2: unapata mzigo bandia (unaomeza nguvu badala ya antena) wa omu 50 unaobeba wati 8. Zisiwe za waya uliozungushwa, kwani hizo ni koili. Toka upande wa mzigo unaopokea mawimbi, si ule wa ardhini, kwa dayodi 1N5711, anodi ikitazama mzigo, na kutoka katodi weka kapasita ya nF 10, ya volti 100, hadi ardhini. Pima volti za DC kwenye kapasita hiyo. Ongeza 0.3 ya dayodi, zidisha jumla kwa yenyewe, gawa kwa 100: hizo ndizo wati. Kwa wati 5 utasoma karibu volti 22. Chini ya wati 0.1 usitegemee jibu, maana upungufu wa dayodi unakuwa sehemu kubwa ya kipimo. Juu nako kuna ukomo: dayodi inapokea kinyume mara mbili ya volti ya kilele, na 1N5711 huishia volti 70, kwa hiyo wati 15 zitaiua.

Kwa antena, dipoli ya waya (waya uliokatwa katikati, kila nusu ikiunganishwa na kebo) inatosha kabisa: 143 gawa kwa MHz hukupa urefu kwa mita. Kwa MHz 14.060, ambapo wenye nguvu ndogo hukutana kwa Morse, ni mita 10.17, yaani 5.08 kila upande; kata ndefu kidogo kisha punguza. Morse yenyewe ni faida: kichujio cha Hz 500 kinaruhusu kelele pungufu kwa karibu desibeli 7 kuliko cha Hz 2400 cha SSB, njia ya kurusha sauti. Hiyo peke yake inarudisha zaidi ya nusu ya zile desibeli 13 za mwanzo.

Mwisho betri. Nguvu ya hatua ya mwisho hufuata mraba wa volti: redio inayotoa wati 5 kwa volti 13.8 hutoa takriban 3.2 kwa volti 11. Pima kwenye soketi ya redio huku ufunguo wa Morse umebanwa, si kwenye betri na redio imetulia. Ufunguo ukiwa umebanwa, tofauti kati ya volti za betri na za soketi ikizidi nusu volti, badilisha waya mwembamba au safisha kishikio cha fyuzi.