Viatu Vitatu

Leo tumerudi nyumbani tukiwa na viatu vitatu: viwili vyangu na kimoja cha mwanangu. Cha nne kimebaki mahali fulani kati ya dirisha la kupokelea fomu na kituo cha basi, nami sikurudi kukitafuta. Kufikia wakati huo nilikuwa nimembeba begani kama furushi, mkoba ukining'inia kwenye kiwiko, huku yeye akilia kile kilio ambacho sababu yake imekwisha kusahaulika na ambacho kinaendelea kwa kuwa kimeshaanza.

Ana umri wa miaka miwili na miezi miwili. Mchana hulala mara moja, kuanzia saa saba kasoro hadi karibu saa tisa, na usingizi huo ndio nguzo inayoishikilia siku yetu nzima. Nalijua hilo vizuri. Hata hivyo, asubuhi nilipopanga safari yangu ya kwenda ofisini kuwasilisha fomu, nilijiambia kwamba tungetoka saa tatu, tungemaliza kabla ya saa sita, na saa saba ingemkuta kitandani kwake kama siku nyingine zote. Katika hesabu hiyo sikuweka foleni.

Saa mbili za kwanza zilipita vizuri mno, hata nikaanza kujisifu moyoni. Alihesabu madirisha, kwa mtindo wake wa kuruka kutoka mbili hadi tano. Alimpungia mkono kila aliyepita. Saa sita ilipogonga tulikuwa bado na watu kumi na wanane mbele yetu, na dakika chache baadaye nikamwona akijisugua jicho la kushoto kwa ngumi, kisha akalivuta sikio lake. Ishara hizo nazifahamu kama ninavyoufahamu mlango wa nyumba yangu. Ningeinuka wakati ule ule, siku ingeokoka. Badala yake nilimpa simu atazame katuni.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, na nimeukumbuka sana jioni hii. Unasema kwamba mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Kwamba mtoto wa miaka miwili asikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa 1 kwa siku. Na kwamba asifungwe mahali pamoja, iwe kwenye kigari au mgongoni, kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Kufikia saa saba mchana nilikuwa njiani kuyavunja yote matatu nikiwa nimeketi kwenye kiti kimoja. Sijui kama walioandika mwongozo ule walikuwa na foleni akilini, lakini siwezi kusema kwamba wamekosea.

Kilichonidanganya, na ambacho hunidanganya kila mara, ni kwamba mtoto mchovu hafanani na mtu mzima mchovu. Mimi nikichoka hupunguza mwendo, hunyamaza, hutafuta pa kuegemea. Yeye alichangamka. Aliirusha simu, akaanza kukimbia baina ya viti, akacheka kicheko cha juu kisicho na furaha ndani yake, akajikwaa mara mbili kwenye sakafu iliyo tambarare kabisa. Aliyekaa karibu nami akasema, "Huyu ana nguvu, haonekani kuchoka hata kidogo!" Nami nikaitikia kwa tabasamu la fahari, ilhali lile lilikuwa tangazo la hatari. Muda wote tunapokuwa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo hututia uzito wa usingizi, na ni kulala tu kunakoiondoa. Mtoto mdogo huijaza haraka kuliko sisi, na wakati wake wa kulala ukipita bila kulala, mwili wake hujikaza kwa homoni za kumweka macho. Ile mbio aliyokuwa akipiga ilikuwa mkopo, na mdai alikuwa njiani.

Alifika kwa njia ya kifuniko cha chupa. Mwanangu aliomba maji, nami nikafungua kifuniko na kumpa. Alikitazama kile kifuniko mkononi mwangu kama mtu aliyeona nyumba yake ikibomolewa. Alitaka kukifungua yeye. Nikakifunga upya ili akifungue, akakataa. Nikamwekea chupa mapajani; akaitupa. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akitaka kifuniko kifunguliwe wala kifungwe. Alitaka kiwe hakijawahi kufunguliwa, na jambo hilo halimo katika uwezo wa mzazi yeyote. Akakaza mgongo, akateleza kutoka mikononi mwangu, akalala kifudifudi sakafuni, akalia kwa sauti iliyoyafunika majina yaliyokuwa yakiitwa dirishani.

Nitaandika na yaliyofuata, kwa sababu shajara isiyoandika aibu haina kazi. Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilimwambia kwa meno yaliyofungwa kwamba ananiaibisha, maneno ambayo hakuyaelewa hata moja. Bibi mmoja alitikisa kichwa na kusema kwamba siku hizi tunawadekeza mno, nami, badala ya kumtetea mwanangu, nikamjibu, "Ni kweli, mama." Jibu hilo ndilo linaloniuma zaidi ya mengine. Hakuwa amedeka. Alikuwa amenyimwa usingizi, na aliyemnyima nilikuwa mimi.

Nilimbeba nikatoka naye hadi kwenye ngazi za nje, penye kivuli. Kwanza nilijaribu kumweleza mambo: kwamba tumebakiza watu wanne, kwamba tutakwenda nyumbani, kwamba chupa ni yake. Kila sentensi iliongeza kilio. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayotuwezesha kujizuia na kungoja, huchukua zaidi ya miaka ishirini kukomaa, na hata hicho kidogo alichonacho huwa cha kwanza kuzimika akichoka. Nilikuwa nikibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Basi nikanyamaza. Nikamlaza kifuani, nikakifunika kichwa chake kwa kiganja, nikapumua polepole zaidi ya nilivyohitaji. Haikuwa miujiza, alinipiga teke mara kadhaa, na pengine ndipo kiatu kilipolegea. Lakini kwikwi zikaanza kuachana, moja, kimya, nyingine, na shati langu likawa limelowa sehemu yenye ukubwa wa uso wake.

Je, nilirudi nyumbani? Hapana. Watu wanne walikuwa wamebaki, nami sikuwa tayari kuirudia siku hii wiki ijayo. Najua wazazi ambao wangeondoka bila kujiuliza, na nawaheshimu. Fomu ilipokewa saa nane na dakika kumi, ikapigwa muhuri kwa sekunde tatu hivi.

Kwenye basi alipigana na usingizi hadi dakika ya mwisho, na ukamshinda vituo viwili kabla ya kushuka. Nilimlaza kitandani saa kumi jioni akiwa na alama ya zipu ya mkoba wangu shavuni na soksi moja iliyogeuka nyeusi chini. Nilijua kabisa kwamba usingizi wa saa kama hiyo huuharibu usiku, na kwamba busara ilikuwa kumwamsha baada ya nusu saa. Nilisimama mlangoni mara mbili kwa nia hiyo. Mara ya pili aligeuka, akavuta pumzi ndefu, nami nikaurudisha mlango taratibu. Aliamka saa kumi na mbili na nusu.

Sasa ni saa nne na robo usiku. Ameketi karibu nami, mchangamfu, uchangamfu wa kweli safari hii, kiatu chake kimoja kikiwa mapajani. Ananiuliza kwa mara ya tisa, "Kingine kiko wapi?" Nimemwambia kimelala. Ameniangalia kwa muda, kisha akauliza kwa nini.