Kontena lisikumalizie bando

Ukiandika programu hapa Tanga, uwe Chumbageni au Ngamiani, na intaneti yako ni bando la simu, kinachouma kwenye makontena ya Docker (masanduku yanayobeba programu pamoja na kila inachohitaji ili iendeshwe) si ugumu wa amri. Ni megabaiti. Kontena likijengwa ovyo, ukirekebisha mstari mmoja tu wa msimbo, linateremsha upya maktaba zilezile za jana. Chanzo mara nyingi ni mpangilio wa Dockerfile, yaani faili ya maagizo ya ujenzi.

Docker hujenga imeji (kiolezo ambacho kontena huwashwa kutokana nacho) kwa matabaka na kuyahifadhi. Agizo moja likibadilika, tabaka lake na yote yanayolifuata hujengwa upya, yaliyotangulia hayaguswi. Basi kinachobadilika mara chache ndicho kitangulie. Kwa mradi wa Node, ambao maktaba zake huteremshwa na npm:

```
FROM node:22-slim
WORKDIR /app
COPY package.json package-lock.json ./
RUN --mount=type=cache,target=/root/.npm npm ci
COPY . .
CMD ["node", "server.js"]
```

Ukiweka `COPY . .` juu ya `npm ci`, hata ukisahihisha herufi moja kwenye README, npm inaanza safari upya. Kile kipande cha `--mount` nacho kina faida yake: ukiongeza maktaba moja, zile za zamani zinachukuliwa kwenye kashe (akiba) iliyo nje ya imeji, inateremshwa hiyo mpya tu.

Weka pia faili ya `.dockerignore` inayotaja visivyopaswa kunakiliwa: `node_modules` (folda ya maktaba), `.git` na `.env` (faili ya nywila na siri). Bila hiyo, `node_modules` ya Windows inafunika ile ya Linux iliyomo ndani ya kontena, na maktaba kama bcrypt zinagoma kuwaka. Kuhusu `.env`, nywila ikishaingia kwenye tabaka, kuifuta katika tabaka la baadaye hakuiondoi. Atakayeipata imeji hiyo ataisoma.

Je, imeji ya msingi iwe alpine badala ya slim? Ni ndogo kweli kuliko slim, lakini maktaba yake ya msingi ya C ni musl badala ya glibc. Maktaba isiyo na toleo lililokwisha kujengwa kwa musl itabidi ijengwe hapohapo, na hapo unateremsha gcc (kikusanyaji cha C) na wenzake. Ule udogo umeshaliwa. Mimi nashauri slim, hasa kwa Python na Node.

Mkiwa watatu au wanne ofisini, ateremshe mmoja, wengine wapokee kwa flashi (amri ya kwanza ni ya aliyeteremsha, ya pili ni ya wanaopokea):

```
docker save postgres:16 node:22-slim | gzip > imeji.tar.gz
docker load -i imeji.tar.gz
```

Flashi ya FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, kwa hiyo iformatiwe exFAT. Na kama anayeteremsha ana Mac ya M1 au mpya zaidi na wenzake wana Intel, aongeze `--platform linux/amd64` kwenye `docker pull`. Asipofanya hivyo, wenzake, hasa wa Linux, wanaweza kuona `exec format error`, wadhani faili imeharibika njiani.

Hifadhidata ina mitego yake. Ndani ya kontena, `localhost` ni kontena lenyewe. Ukitumia Compose (zana ya Docker ya kuwasha makontena kadhaa pamoja), programu yako iitafute hifadhidata ya Postgres kwa jina la huduma, mathalani `db`. `depends_on` tupu husubiri kontena liwashwe tu, haisubiri Postgres iwe tayari. Kwenye huduma ya Postgres weka `healthcheck` (kipimo cha utayari) yenye `pg_isready`, kisha kwenye `depends_on` weka `condition: service_healthy`. Kwenye Wi-Fi ya pamoja andika mlango (port) hivi: `127.0.0.1:5432:5432`. Ukiandika `5432:5432` peke yake unafungulia mtandao mzima, na kwenye Linux hata ufw (ngome ya mtandao) haitauzuia, maana Docker hupanga yenyewe kanuni zake za iptables.

Data za `postgres:16` zikae kwenye voliumu (hifadhi iliyo nje ya kontena) yenye jina, iliyopachikwa `/var/lib/postgresql/data`. Umeme ukikatika ghafla, Postgres ikiwaka tena husoma kumbukumbu zake za WAL (daftari la mabadiliko) na kujirekebisha. Kinachofuta data ni mkono wako: `docker compose down` huacha voliumu, `docker compose down -v` huondoka nayo.

Diski ikijaa, anza na `docker system df` uone kilichokula nafasi. Usikimbilie `docker system prune -a`: inafuta kila imeji isiyotumiwa na kontena, na kesho asubuhi unaziteremsha zote upya. Jaribu kwanza `docker image prune`, inayoondoa imeji zisizo na jina pekee. `docker builder prune` iache iwe ya mwisho, kwa sababu inaondoka na ile kashe ya npm.