Deni la Matofali

Baba alifariki Desemba 1997, katikati ya zile mvua za El Niño zilizokata madaraja na kuharibu barabara sehemu nyingi za nchi. Kwetu Rungwe mvua si habari, lakini mwaka ule ilizidi. Tulimzika kwenye makaburi ya ushirika wetu wa kanisa, vijana wakichota maji kaburini kwa ndoo kabla jeneza halijateremshwa. Baada ya mazishi baba mdogo alisimama akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na anayedaiwa naye asijifiche. Wakajitokeza watu wawili watatu, wengine wakalipwa, wengine wakapatana. Baba mdogo akasema habari za madeni zimefungwa.

Pasaka ya 1998 iliangukia Aprili 12. Jumamosi yake tulishinda makaburini. Kwa sisi Wamoraviani, Wakristo wa Kanisa la Moravian, hiyo ni siku ya jembe na fyekeo; kila familia husafisha kwake, hupaka chokaa, huweka maua, ili alfajiri ya Pasaka ikute pamependeza. Mama aliliinamia kaburi la baba akang'oa majani kwa vidole, hata yale machanga ambayo jembe lingeyaacha. Hakulia. Alikuwa ameshalia sana miezi ile.

Jioni alinipa daftari la baba nimsomee, maana mwandiko wa baba ulikuwa mdogo na macho ya mama yalikuwa hayaoni vizuri kwa mwanga wa koroboi. Nilikuwa kidato cha tatu, nikasoma kama ninavyosoma darasani, bila kufikiri. Mbolea. Chumvi ya ng'ombe. Mchango wa jengo la kanisa. Halafu: "Fundi, tofali 3,000. Nimetoa nusu ya fedha. Baki sh. 45,000."

Mama akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia. Sote tulimjua yule fundi. Alikuwa kijana wa kijiji cha pili, aliyefyatua matofali yale bondeni na kuyachoma kwenye tanuru lililotoa moshi usiku na mchana. Kuta zilizotuzunguka tukisoma daftari lile ni kazi ya mikono yake. Wakati wa msiba alikuwa amekwama Kyela kwa ajili ya barabara. Aliporudi alikuja kutupa pole, akakaa, akanywa chai, akaaga. Hakutamka neno la deni.

Baba mdogo alikuwapo usiku ule. Akasema, "Shemeji, marehemu hadaiwi. Tulitangaza mbele ya watu. Na mwenyewe hajadai."

Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Shemeji, kesho alfajiri tutasimama pale kaburini tuseme mbele ya watu kwamba atafufuka. Tukisema hadaiwi, tumesema amekwisha. Mimi sijasema amekwisha."

Baba mdogo hakujibu. Akavaa koti lake akatoka.

Tuliamshwa na tarumbeta, usiku bado mzito. Ibada ile ya alfajiri makaburini ina historia ndefu: ilianza mwaka 1732 huko Herrnhut, Ujerumani, vijana wa kiume walipopanda kilimani kwenye makaburi kabla ya jua kuchomoza, wakaimba ufufuo wa Bwana juu ya wafu wao. Wamisionari wa Kimoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuja na imani ya watu wanaoanza Pasaka namna hiyo. Na kwa kuwa Pasaka haiko mbali na mwezi mpevu, mawingu yalipofunguka kidogo tuliuona mwezi ukielekea kuzama, na chokaa ya makaburi ikawa nyeupe kuliko mchana.

Mchungaji akapaza sauti: "Bwana amefufuka!" Tukajibu: "Amefufuka kweli kweli!" Mama alikuwa karibu yangu, hakupiga kelele. Alijibu kwa sauti ya mtu anayekubali mapatano mbele ya mashahidi. Liturujia ile kwa kweli ni ungamo la imani tangu mwanzo hadi mwisho, na kuna mahali kanisa huwakumbuka wale waliotangulia tangu Pasaka iliyopita. Majina yakasomwa. Jina la baba likasomwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo juma zima, na bado magoti yalilegea.

Somo lilikuwa Wakorintho wa Kwanza 15. Mchungaji alikaa sana kwenye mstari wa 17: "Na kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure." Wahubiri wengi hukaa hapo, na ni haki yao, kwa sababu pale Paulo anaweka kila kitu mezani. Mimi nilivutwa na mwisho wa sura, mstari wa 58, ambapo baada ya baragumu na mauti kumezwa Paulo anasema "taabu yenu siyo bure katika Bwana." Taabu. Neno la watu wa jembe na tanuru. Nilipokua na kuanza kuisoma Biblia mwenyewe nikaona jambo jingine. Paulo hakuandika sura wala mistari. Hayo yaliwekwa karne nyingi baadaye. Mara tu anapomaliza habari ya ufufuo anaendelea: "Kwa habari ya ile changizo kwa ajili ya watakatifu." Fedha. Kila mtu aweke akiba nyumbani siku ya kwanza ya juma, siku ile ile aliyofufuka Bwana, kwa ajili ya ndugu wahitaji wa Yerusalemu. Haoni aibu kutoka kwenye baragumu ya mwisho kwenda kwenye mchango. Nadhani kwake lilikuwa jambo moja.

Mama hakungoja tufike nyumbani. Watu walipokuwa wakitawanyika, wakisalimiana na kushikana mikono, alimwita yule fundi, "Mwanangu, pita nyumbani ufungue kinywa." Akaja, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Akapewa chai ya maziwa, ndizi na maharage. Jikoni sufuria mbili zilikuwa sakafuni zinakinga maji, kwa kuwa bati la jiko lilikuwa limeoza. Mama alikuwa ameuza mtamba mwezi wa pili ili abadilishe mabati yale.

Katika Yohana 21 Bwana aliyefufuka anawasha makaa ufukweni, anaweka samaki na mkate, anawaambia wanafunzi, "Njoni mfungue kinywa." Wakiisha kula, ndipo anamgeukia Petro aliyemkana. Kwanza chakula, kisha hesabu. Mama naye alimwacha fundi ale mpaka ashibe. Kisha akafungua pindo la kanga, akahesabu noti mezani taratibu, moja moja.

Fundi alisimama. "Mama, hapana. Mimi nilishasamehe. Mzee alinitendea mema mengi."

"Wewe umesamehe, Mungu akubariki," mama akasema. "Lakini sisi hatujalipa. Siku atakayosimama, nataka mkutane mkiwa mnasalimiana tu."

Fundi alizitazama zile fedha muda mrefu. Akazipokea kwa mikono miwili, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama," yaani asante sana, na sauti ikakatika.

Nimesikia siku hizi ikihubiriwa kwamba Kristo aliyefufuka maana yake ni gari, ni nyumba, ni adui zako kuanguka. Siwezi kuipokea injili hiyo. Asubuhi ile kumwamini aliye hai kulitugharimu shilingi 45,000, na jiko liliendelea kuvuja hadi kiangazi. Wala sikubaliani na wanaoifanya habari ya ufufuo kuwa ya kuliwazana msibani tu. Yesu alifufuka na makovu yake. Tomaso aliambiwa aguse. Aliyetoka kaburini ni yule yule aliyesulubiwa, na yaliyompata hayakufutwa. Kwa hiyo atakayefufuka kwetu ni baba yule yule, mwenye daftari lake, mwenye matofali yake 3,000, aliyekusudia kulipa na mauti ikamkatiza. Mama aliamini hivyo kabisa, akaamini pia kwamba sisi tuliobaki tunaweza kumtendea haki mtu asiyeonekana, kwa sababu kwa Mungu wote ni hai.

Fundi alipoondoka, baba mdogo aliingia. Sijui alikuwa amesimama ukumbini tangu lini. Akaketi, akaomba chai. Mama akamwekea kikombe, akanipa kalamu niandike "imelipwa" na tarehe. Kisha akaniambia nifungue ukurasa wa kwanza tuanze upya, jina kwa jina, kwa kuwa alikumbuka kulikuwa na mtu wa Kiwira aliyetuuzia mbao. Baba mdogo akakisogeza kiti chake karibu na meza. "Soma polepole," akasema. "Mbao zile nilizibeba mimi."