Nyandarua kwa miguu: nilivyofika kilele cha Lesatima

Watu wengi wakisikia Nyandarua, milima ya Kenya iitwayo pia Aberdare, wanawaza viazi na baridi. Mimi nilivutwa na vita. Tumesoma shuleni kwamba Mau Mau, wapiganaji waliopambana na wakoloni Waingereza, waliishi msituni miaka na miaka, lakini kitabu hakikwambii msitu wenyewe ukoje, umelala upande gani, au mtu anapataje usingizi humo. Nikaamua niende nikautembee.

Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyoanzishwa 1950, ina ndovu na nyati wengi, kwa hiyo huruhusiwi kupanda mlima bila askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki. Hilo ndilo la kupanga mapema. Nilipiga simu ofisi ya hifadhi, Mweiga, kabla hata ya kutafuta gari, kwa sababu askari nao wana doria zao. Ukijitokeza tu getini unaweza kukaa hapo mpaka jua likufike utosini. Kiingilio nililipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikiwa bado mjini, maana mtandao kule juu ni wa kubahatisha. Tulichagua Februari. Mvua za Aprili na Mei zikianza, barabara za huko huteleza kama sabuni, na hata Land Cruiser inakwama. Dereva tulimchukua Nyeri, mtu anayezijua njia hizo. Usijaribu kuokoa pesa hapo.

Siku ya kwanza tulizunguka Salient, ule ulimi wa msitu unaoteremka upande wa mashariki, ambako wanyama ni wengi. Tuliona nyati, mbega wakirukaruka juu ya miti, na ndovu mmoja aliyeziba barabara huku akitafuna bila haraka yoyote. Bongo, yule swala mkubwa wa msituni, hatukumwona. Yeyote anayekuahidi bongo anataka pesa zako tu.

Huko ndiko ilikokuwa Treetops ya kwanza, hoteli iliyojengwa juu ya mti wa mugumo. Kila mgeni husimuliwa kwamba Elizabeth wa Uingereza alilala hapo Februari 1952 akiwa binti mfalme, na usiku huohuo baba yake akafariki, naye Elizabeth akawa malkia. Sawa. Kinachopitiwa mbiombio ni kwamba mwaka huohuo, Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaiteketeza hoteli hiyo. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alipigwa risasi na kukamatwa pembezoni mwa msitu huu, upande wa Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari iliyofuata. Ukiwa ndani ya gari unaona jinsi mashamba yalivyo karibu na msitu, na ghafla unaelewa: chakula, habari na risasi vyote vilitoka hapo ng'ambo. Ndiyo maana Waingereza waliwalazimisha wanavijiji kuchimba handaki refu kandokando ya msitu na kulijaza vijiti vilivyochongoka.

Kesho yake tulipanda Lesatima kutokea geti la Wanderis, kaskazini. Ni kilele cha takriban mita 4,000, cha juu kuliko vyote katika safu hii, na gari hukufikisha juu kabisa ya msitu, kwa hiyo mtu hujidanganya kwamba kazi imekwisha. Haijaanza. Hewa ni nyepesi, kichwa kinagonga, na nyasi zimeota kwa mafungu yaliyotengana na maji katikati. Buti za mpira zilinifaa kuliko viatu vya bei ghali vya wenzangu.

Askari wetu, mtu wa makamo, alitembea polepole mpaka kijana mmoja kati yetu akamuuliza, "Afande, tutafika leo kweli?"

"Wewe pita mbele," akajibu. "Nitakukuta umekaa."

Alimkuta amekaa.

Njiani alituonyesha kinyesi cha ndovu, juu kabisa kwenye nyanda ambako sikutarajia hata mbuzi. Halafu akainama kwenye lobelia na kuyafunua majani yake. Katikati kulikuwa na maji, na juu ya maji utando mwembamba wa barafu, ingawa jua lilikuwa limekwisha toka. Mmea huo huyakunja majani usiku ili kiini chake kisigande. Nilikigusa kile kibarafu kikavunjika, vidole vikafa ganzi.

Nikamuuliza kama Mau Mau walilala hapa. Akacheka. "Ujifiche wapi hapa? Kwenye nyasi?" Akanyoosha mkono kuonyesha mianzi chini. Huko ndiko kwao. Mchana hawakuwasha moto, moshi usije ukawaita wanajeshi, na walisikiliza ndege na kima ili wajue nani anakuja. Jeshi la anga la Uingereza liliidondoshea misitu hii mabomu kati ya 1953 na 1955, na wanyama nao waliuawa na kujeruhiwa.

Kileleni tulikaa kidogo tu. Tulikula chapati na mayai, tukapiga picha, tukatazama yale mawe yaliyochongoka yaitwayo Meno ya Joka, kisha ukungu ukafunika kila kitu. Nilitarajia kuuona Mlima Kenya, sikuuona. Kushuka kuliumiza magoti kuliko kupanda, na mvua ya mawe ilitupiga mpaka garini.

Tukitoka tuliuvuka ua wa umeme, takriban kilomita 400, uliojengwa kati ya 1989 na 2009 kuuzunguka msitu. Mwanzoni nilidhani ni wa kuwafungia wanyama. Dereva, ambaye mama yake analima hapo nje, alisema kabla ya ua watu walikesha shambani wakipiga madebe kufukuza ndovu. Mimi sina la kumbishia.

Wenzangu sasa wanataka Elephant Hill, kule Njabini, ambako unaanzia chini na kupita kwanza katikati ya mianzi. Kilele wakikwee wao wakipenda. Mimi naifuata hiyo mianzi.