Pedali ya distosheni kwa mlio wa roki ya zamani

Roki ya miaka ya 1970 haihitaji distosheni nyingi, yaani ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa. Mkwaruzo ule ulitoka kwenye ampu (vikuza sauti) za valvu zilizofunguliwa sauti sana. Pedali inaongezea tu.

Pedali ya Boss DS-1, iliyotoka 1978, inatosha kabisa. Weka nobu ya Dist (mkwaruzo) theluthi moja, Tone chini ya nusu, Level juu kidogo ya sauti ya gitaa tupu. Pedali ya RAT ni nzito zaidi, na nobu yake ya Filter hufanya kinyume: ukizungusha kulia, ukali unapungua.

Bendi nyingi hapa Mbeya huchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa au ukumbi. Hapo pedali yoyote italia kama nyuki, maana spika ya gitaa hukata sauti za juu kuanzia hezi 5,000 hivi. Spika za ukumbi hazikati. Tafuta kifaa cha kuiga kabati ya spika. Ukikosa, punguza trebo kwenye miksa, tena sana.

Ukinunua adapta ya pedali soko la Mwanjelwa, soma mchoro wa lebo: volti 9, hasi katikati. Umeme ukikatika, betri inaokoa jahazi, ila ukimaliza kupiga chomoa waya wa Input. Ukiuacha, betri inaisha hata kama taa ya pedali imezimika.