Tembo wa Kolo

Agosti 2015 nilikuwa likizo kwa babu na bibi, Veyula, kwenye njia inayotoka Dodoma mjini kwenda Kondoa. Zabibu zilikuwa zimeiva na mnunuzi hajatokea.

Aliyewahi kulala karibu na shamba la zabibu lililochelewa kuvunwa anaijua ile harufu ya alfajiri. Ni tamu mpaka inakaba. Nyuki wanaamka kabla yenu, ndege wanaamka kabla ya nyuki, na kila vichala vinavyozidi kunyauka mtini ndivyo uzito wa mizani unavyopungua. Babu alikuwa na ekari mbili za Makutupora nyekundu, aina iliyochukua jina la kijiji kilicho mbele yetu kidogo, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Kupogoa alijifunza ujanani kwa mapadre Waitaliano wa misheni ya Bihawana. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilipowakusanya watu vijijini, yeye alihama na vipando vyake, amevifunga kwenye gunia lililoloweshwa kama mtu anayebeba samaki.

Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Huku hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu. Mkasi wa mkulima ndio unaouamsha: ukipogoa, unaanza safari upya. Zao la masika hupigana na mvua na ukungu, lakini la kiangazi hukutana na jua kavu na usiku wenye ubaridi, na hilo ndilo babu alilolipenda. Siku kadhaa kabla ya kuvuna alikuwa anafunga maji ya kisima kabisa. Akisema, "Maji yanaosha utamu." Ungempa sababu gani, mpira wa maji hakuugusa.

Bibi alikuwa Mrangi wa Kolo, Mwislamu, mke wa Mgogo Mkatoliki anayelima zabibu za mvinyo. Ndoa hiyo ilizungumzwa sana Kolo enzi zake. Mvinyo haukupata kugusa midomo yake hata siku moja, lakini hakuna aliyejua zabibu imeiva lini kama yeye. Alikuwa anatafuna punje moja, anatema mbegu kiganjani, anaitazama. Ikiwa ya kijani, bado. Ikiwa kahawia na inavunjika kati ya meno, leteni kreti. Mbegu zilikuwa kahawia tangu Jumamosi. Mnunuzi aliahidi Jumatatu. Jumatano jioni babu alipiga tena simu, akajibiwa "kesho, mzee", akaiweka simu juu ya kigoda na kutoka nje bila kusema neno. Wenye tangi na mashine hukamua wenyewe wakauza mchuzi wa zabibu baadaye kwa nafasi yao. Asiye navyo hukaa akisikiliza kila ngurumo ya lori barabarani. Nilimwona babu akinyanyua kichwa kwa kila lori lililopita jioni ile, na hadi leo sijaona sababu ya mkulima kutendewa hivyo.

Usiku, tukiwa tunaosha vyombo, bibi aliniambia, "Mke mwenzangu, kesho nipeleke Kolo."

"Kesho, Bibi? Na zabibu?"

"Zabibu zina mwenyewe. Mimi nataka kuuona mlima wetu kabla goti hili halijanikataza."

Hakuwa amerudi Kolo tangu msiba wa kaka yake. Sikumuuliza zaidi.

Binamu yangu alikuwa na pikapu, tukaondoka kabla ya jua. Lami ilituchukua hadi Mayamaya, na baada ya hapo barabara ilikuwa bado inajengwa: michepuko, magreda, vumbi jekundu linaloingia hata kwenye chupa ya maji iliyofungwa. Bibi alikaa mbele, kanga imefunika pua, macho nje. Mibuyu ya Agosti haina hata jani moja, matunda tu yananing'inia kama mikung'uto iliyosahauliwa, na katika nchi ile ya kijivu inaonekana mikubwa kuliko wakati mwingine wowote. Nimekwenda mbuga kadhaa na kupanda milima yenye majina. Bado naamini kiangazi cha kati ya Dodoma na Kondoa ni moja ya mandhari nzuri kuliko zote nchini, na kwamba wanaopita usiku kwa basi wamepoteza kitu.

Kondoa tulikunywa chai. Kuanzia hapo milima ya Irangi ikaanza kutuzunguka na bibi akaanza kuongea: huyu alikuwa na ng'ombe wengi, pale palikuwa na mkuyu, kisima kile kilichimbwa na baba yake mdogo. Kolo tulisimama kwenye ofisi ya Mambo ya Kale, tukalipa kiingilio, na kijana mmoja akapewa kutuongoza. Alipomsikia bibi akiongea Kirangi aliinama, akamwamkia upya kwa lugha yao, na tangu hapo akawa anamwita bibi yake, si mgeni wake.

Njia ya gari iliishia chini ya mlima. Kilichobaki ni mguu, mawe juu ya mawe, na goti la bibi likakataa hatua ya kumi.

"Pandeni nyinyi," alisema, akatandika kanga kivulini. "Miguu yako ni yangu leo. Ukirudi unieleze."

Mahali penyewe panaitwa Mungumi wa Kolo. Ni miamba mikubwa ya matale iliyoinamia mbele kama dari, na kwenye kuta zake watu wa kale wamechora. Michoro kama hiyo imeenea katika miamba zaidi ya 150 pande hizo za Kondoa, kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Takwimu hizo nilizisoma kibaoni nikiwa bado nahema. Nilipoinua macho zikanitoka kichwani zote.

Walikuwa watu wembamba mno, warefu, rangi ya damu iliyokauka, vichwa vimevimba kwa nywele au vilemba, mistari ya mwili ikiteremka kama nyuzi. Wengine wameinama, wengine wameshikana. Palikuwa na wanyama juu ya watu na watu juu ya wanyama, kila kizazi kikichora juu ya cha jana bila kufuta. Kijana alitueleza kwamba michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi, kazi ya wawindaji walioishi kwa pinde na mizizi, na kwamba ile myeupe, mizito na isiyo na ustadi ule, ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Alitaja Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko na ambao wazee wao walikuwa bado wanajua kuchora mwambani. Alimtaja pia Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliyekuja mwaka 1951 na kunakili picha hizi moja moja. Nikapiga hesabu: bibi alikuwa na miaka saba.

Sakafuni, karibu na mwamba, palikuwa na shimo. Nilidhani ni la watafiti. Kumbe lilichimbwa na watu waliokuwa wakitafuta dhahabu ya Wajerumani, ile inayosemekana ilifukiwa wakati wa Vita vya Kwanza. Hawakupata dhahabu. Walichimbua udongo ambao mtaalamu angeukwangua kwa brashi mwaka mzima, wakautupa pembeni. Nilisimama juu ya shimo lile nikasikia uchungu kama wa kufiwa. Dhahabu yenyewe ilikuwa ukutani, wao wameipa mgongo.

Mungumi pamekuwa pia pa matambiko. Wenyeji wamepanda hapa na mbuzi na pombe kuomba mvua na uponyaji, na kijana alilisema hilo kwa heshima, sauti chini, kama mtu aliye ndani ya nyumba ya ibada. Kisha akaniambia kinachomuuma. Jua linazifikia baadhi ya picha, na mvua huchuruzika juu ya mwamba. Lakini kinachofanywa na mikono ya watu ndicho kinachomkosesha usingizi: wanarusha maji ukutani ili rangi ing'ae, wapate picha nzuri. Inang'aa kweli, dakika chache. Kila mara maji yanaondoka na kitu.

Nilipiga picha nyingi kwa simu, bila mwanga wa kamera, tukashuka.

Bibi alikuwa amekaa vilevile tulivyomwacha, mikono juu ya goti.

"Umewaona wale warefu?"

"Nimewaona, Bibi."

"Wenye vichwa vikubwa. Na tembo?"

Nilishangaa. Nilijua kwamba wakati wa kiangazi kirefu wazee walipanda na watoto wakaachwa chini, maana alishanisimulia. Hakuwahi kuniambia kwamba yeye alifika juu. Nikatafuta kwenye simu mpaka nikampata tembo, nikamkuzia kwa vidole. Alishika simu mbali na uso kama anavyoshika sindano ya kutunga uzi.

"Ndiye," alisema. Kimya. "Miguu yake iko wapi?"

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mgongo ulikuwepo, mstari mmoja mwekundu ulio imara, na sehemu ya kichwa. Chini ya hapo palikuwa na wingu tu la rangi, kisha mwamba. Nikamweleza alivyoeleza kijana, kwa haraka na bila kufikiri: maji, Bibi, watu wanarusha maji ili ing'ae.

Alinirudishia simu. Alifunga upya kanga yake kichwani, akachukua muda mrefu kuifunga.

"Nilikuwa nachunga mbuzi wa baba," alisema. "Wale wakubwa wanaogopa kupanda huku bila sababu. Mimi nilikuwa napanda. Nilikuwa na kibuyu changu cha maji. Mwaka ule palikuwa pakavu, mbuzi wenyewe wanalia, nami nikamwona yule ukutani, mkavu kabisa. Nikasema ana kiu. Nikawa namnywesha."

Hakuna aliyejibu.

"Nikimmwagia anatoka mzima. Miguu minne, mkonga, mpaka kucha. Kama ametoka mtoni sasa hivi. Nilifurahi mno, mjukuu wangu. Kila siku niliyopita na mbuzi nilimnywesha."

Kijana alichuchumaa mbele yake. "Bibi, si wewe. Mvua ya miaka yote hii, jua, watu wangapi. Kibuyu cha mtoto hakiwezi kumaliza tembo."

"Mwanangu, wewe ulikuwa hujazaliwa," alimjibu kwa upole. "Alikuwa na miguu."

Kisha kijana akamwambia bibi amsimulie alivyokuwa, yule tembo, na akatoa daftari dogo mfukoni. Walikaa hapo labda nusu saa, kwa Kirangi, bibi akichora hewani kwa kidole: mkonga ulielekea wapi, mguu wa mbele ulikuwa umenyanyuka au la, kulikuwa na mtu nyuma yake au hakuna. Kijana anaandika, anauliza, anachora, anamwonyesha, anafuta, anachora tena. Mimi na binamu yangu tulisimama kando. Lugha ilinipita, ila niliuona uso wa bibi, na sijapata kuuona hivyo tena.

Njiani kurudi hakuongea. Baada ya Chemba alilala. Tulifika Veyula usiku, nguo, nyusi na kope zote nyekundu. Lori lilikuwa halijafika. Babu alikuwa amewasha karabai shambani, yeye na vibarua wawili wanavuna vile vichala vilivyoanza kunyauka na kuvitandaza juu ya turubai, ili kama mvinyo umeshindikana angalau vikaukie zabibu za kula. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha mkasi.

Bibi alishuka garini taratibu, akaenda moja kwa moja kwenye turubai, akapiga goti zima na goti bovu, akaanza kuchambua punje zilizopasuka.

Babu alimsogezea taa.

"Umemwona tembo wako?" alimuuliza. Kumbe yeye alikuwa anajua, miaka yote hiyo.

"Nimemwona," bibi akasema. "Amebaki mgongo."

Babu akaweka mkasi chini, akaketi karibu naye kwenye turubai, wakaendelea kuchambua.